Misheni Iliyoitangulia Dola: Vatikani na Nairobi tangu 1870

Dola la Mji wa Vatikani lilizaliwa tarehe 11 Februari 1929, siku Kardinali Pietro Gasparri na Benito Mussolini walipotia saini Mkataba wa Laterano mjini Roma. Misheni ya St Austin's, iliyoko Lavington karibu na Barabara ya James Gichuru, ilianzishwa mwaka 1899. Kwa maneno mengine, misheni ya Nairobi ina umri mkubwa kuliko dola ambalo wengi hudhani ndilo lililoituma. Pengo hilo la miaka thelathini linaeleza mengi kuliko hekta 44 ambazo kila kitabu cha jiografia huzitaja pale kinapofika kwenye nchi ndogo kuliko zote duniani. Hoja nitakayoijenga hapa ni kwamba Papa alipata nguvu zake za kisasa baada ya kunyang'anywa nchi, na kwamba historia ya Kanisa Katoliki katikati ya jiji la Nairobi na katika vitongoji vyake vya magharibi imefuata mkondo ule ule: shamba lilizaa shule, shule zikazaa ushawishi, na ushawishi ukabaki hata shamba lilipokwisha kugawanywa ploti.

756–1870: Mapapa wenye nchi

Kwa zaidi ya miaka elfu moja Papa alikuwa mtawala kama watawala wengine. Mwaka 756 Pepin, mfalme wa Wafranki, alimkabidhi ardhi katikati ya Italia, na kutoka hapo zikakua zile zilizoitwa Nchi za Papa. Zilikuwa na kodi, magereza, majeshi na madeni. Utajiri huo, pamoja na sadaka za Ulaya nzima, ndio uliojenga karibu kila kitu ambacho mgeni huenda kukitazama Vatikani leo. Papa Julius wa Pili aliweka jiwe la msingi la Basilika mpya ya Mtakatifu Petro mwaka 1506, mwaka ule ule askari wa Uswisi walipoanza kumlinda, na kanisa halikuwekwa wakfu hadi 1626. Kati ya 1508 na 1512 Michelangelo alichora dari la Kikanisa cha Sistina. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano aliamuru nguzo ya Kimisri iliyokuwa imesimama mahali hapo tangu enzi za Warumi isogezwe hadi mbele ya basilika, na katika karne iliyofuata Bernini akauzungushia uwanja huo safu zile za nguzo zinazopinda kama mikono miwili iliyokunjuliwa.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Fedha za basilika zilitafutwa, pamoja na njia nyingine, kwa kuuza rehema, na biashara hiyo ndiyo iliyomchokoza Martin Luther mwaka 1517. Jengo kuu kuliko yote ya Ukatoliki lilichangia kuupasua Ukristo wa Ulaya Magharibi. Tulizingatie hilo kabla ya kudhani kwamba mali na ardhi ziliwahi kuwa ngao ya upapa. Mara nyingi zilikuwa mzigo, maana mtawala mwenye mipaka hana budi kuilinda, na akiilinda atapigana na majirani ambao pia ni waumini wake.

Mzigo ulianguka tarehe 20 Septemba 1870. Jeshi la Italia mpya lilivunja ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia, na Papa Pius wa Tisa akajifungia ndani ya kasri lake. Serikali ya Italia ilimwahidi ruzuku na heshima zote za kifalme kwa sheria ya mwaka 1871. Akakataa. Waandamizi wake nao wakakataa, na kwa miaka 59 hakuna Papa aliyetoka nje ya Vatikani. Kwa mujibu wa ramani, Papa hakuwa tena na nchi. Hata hivyo mabalozi waliendelea kutumwa na kupokelewa kwa jina la Kiti Kitakatifu, kwa sababu kinachotambuliwa katika sheria za mataifa ni ofisi ya Papa yenyewe, na ardhi ni makao tu ya ofisi hiyo. Na ni katika miaka hiyo hiyo ya kukosa nchi ndipo wamisionari Wakatoliki walipotawanyika Afrika Mashariki kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana.

1899–1927: Kahawa ya mapadre

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868. Kutoka pwani walipanda bara taratibu, na mwaka 1892 walikuwa wamefungua misheni Bura, kwenye milima ya Taita. Reli ya Uganda ndiyo iliyobadilisha mwendo. Ilipofika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, kwenye uwanda wenye kinamasi ambao haukuwa na mji, Askofu Émile Allgeyer hakuchelewa. Miezi michache baadaye watu wake walikuwa wamekwishachagua mahali magharibi ya kituo cha reli, kwenye matuta yenye udongo mwekundu na vijito, katika ardhi ya mbari za Wakikuyu.

Ulikuwa wakati mbaya kwa wenyeji. Kati ya 1898 na 1900 Wakikuyu walipigwa na ukame, njaa na ndui kwa pamoja. Njaa hiyo waliiita Ng'aragu ya Rũraya, yaani njaa ya Ulaya, na jina hilo linatosha kuonyesha ni nani walimdhania kuileta. Mashamba mengi ya kusini mwa Kiambu yalibaki bila watu. Wageni waliofika wakati huo, wamisionari na walowezi kwa pamoja, waliona ardhi tupu pale ambapo wenyewe walikuwa wamekufa au wamekimbilia kwa ndugu, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikaja kuwapa wageni hati. Haifai kuisimulia historia ya Lavington kana kwamba ilianza na msalaba na jembe la bruda.

Lakini jembe lilikuwepo, tena lilifanya kazi kubwa. Mbegu za kahawa ya Bourbon, zilizotoka kisiwa cha Réunion na kupitia misheni za mapadre hao, zilipandwa Bura mwaka 1893 na baadaye zikaletwa St Austin's. Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu. Punje huoteshwa kitaluni chini ya kivuli, miche huhamishwa shambani mvua zikianza, kisha mkulima husubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Mlowezi aliyefika na mtaji mdogo hangeweza kuanzia kwenye punje. Alihitaji miche, na kitalu cha mapadre kikawa mojawapo ya vyanzo vyake. Ndiyo sababu kahawa ya aina hiyo ilikuja kuitwa French Mission katika Kenya nzima. Miaka ya 1930, wataalamu wa Maabara ya Scott huko Kabete walipotafuta miti bora ya kuzalisha, aina waliyoiita SL34 waliichagua kutoka kwenye mti mmoja wa shamba la Loresho ulioandikishwa kama French Mission. SL34 ingali inalimwa Kenya hadi leo.

Kuna upande wa pili. Waafrika walioifanya kazi ya kitaluni hawakuruhusiwa kupanda kahawa yao wenyewe. Serikali ilianza kulegeza katazo hilo miaka ya 1930, kwanza Meru, Embu na Kisii, tena kwa idadi ndogo ya miti, na Wakikuyu wa kuizunguka Nairobi wakangoja hadi miaka ya 1950. Faida ya kahawa ya misheni ilipatikana ndani ya soko lililofungiwa wenyeji nje. Mapadre hawakuitunga sheria hiyo, ila waliuza ndani yake.

Mjini kwenyewe waumini wa kwanza walikuwa wengi wao Wagoa, makarani wa reli na wa ofisi za serikali, waliokuja na Ukatoliki wa karne nne kutoka Goa. Kwa ajili yao, mwanzoni mwa karne ya 20, mabruda wa St Austin's walijenga kanisa dogo la mawe mahali ambapo leo panasimama Basilika ya Familia Takatifu. Wakati huohuo Wakonsolata kutoka Torino walikuwa wamefika Tuthu, Murang'a, Juni 1902, kwa mwaliko wa chifu Karuri wa Gakure, na nchi ya Wakikuyu ikaanza kugawanywa kati ya mashirika mawili ya Kikatoliki na misheni kadhaa za Kiprotestanti.

1928–1929: Mwaka wa shule na mwaka wa mkataba

Miaka hii miwili ndiyo bawaba ya simulizi lote, ingawa walioiishi hawakuona kwamba matukio ya Roma na ya Afrika yana uhusiano. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kukagua elimu, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatangaza sera ya kuzipa ruzuku shule za misheni zitakazokubali viwango na ukaguzi wake. Mapadre wengi walisita. Kwao shule ilikuwa chambo cha katekisimu, na hawakupenda mkaguzi wa serikali aingie darasani. Roma ilimtuma Askofu Arthur Hinsley kuja kutatua jambo hilo, na katika mkutano wa maaskofu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1928 aliwaambia bila kuzunguka kwamba wakilazimika kuchagua kati ya kanisa na shule, waache kanisa na waikamilishe shule. Mwaka 1930 Hinsley akafanywa Mjumbe wa Papa kwa makoloni ya Waingereza Afrika, makao yake yakiwa Mombasa.

Huko Roma, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Dar es Salaam, Papa Pius wa 11 naye alifunga hesabu ya ardhi. Kwa Mkataba wa Laterano aliachana rasmi na madai ya Nchi za Papa zilizochukuliwa, akapokea hekta 44 zenye uhuru kamili, na Italia ikamlipa fidia ya lira milioni 750 taslimu pamoja na hati za serikali za lira bilioni moja. Kiti Kitakatifu kilibadilisha nchi kwa mtaji. Dola jipya likapewa ukubwa wa kutosha tu kumfanya Papa asiwe mpangaji wa mtu.

St Austin's nayo ilikuja kufanya biashara ya aina hiyo. Masista wa Loreto walikuwa wamefika Kenya mwaka 1921 na kufungua shule za wasichana; eneo la Msongari, upande huo huo wa jiji, likageuka mji mdogo wa elimu. Mwaka 1939 mapadre walianzisha St Mary's kwa ajili ya wavulana. Jiji lilipopanuka kuelekea magharibi, mibuni ilikatwa, ardhi ikapimwa, nyumba zikapanda juu yake, na Lavington ikawa mtaa wa wenye uwezo. Mwaka 1961 Chuo cha Strathmore kilifunguliwa huko huko Lavington, kikiwapokea vijana wa rangi zote katika nchi ambayo shule zake zilikuwa bado zimetengwa kwa rangi. Tusisahau kwamba kabla ya hapo shule za Msongari zilikuwa zikihudumia Wazungu, huku wavulana wa Kiafrika wa Kikatoliki, akina Tom Mboya na Mwai Kibaki, wakipelekwa Mang'u, mbali na jiji. Ubaguzi wa nchi ulipita ndani ya lango la misheni.

1953–1965: Kanisa mkabala na City Hall

Tarehe 25 Machi 1953 Roma iliipandisha Nairobi kuwa Jimbo Kuu, na John Joseph McCarthy, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu, akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Usiku wa kesho yake yakatokea mauaji ya Lari, kaskazini-magharibi ya jiji. Kanisa lilipata muundo wake kamili wa kiutawala Kenya katika juma ambalo vita vya Mau Mau vilifikia ukatili wake uliotisha zaidi, na askofu wake mkuu alikuwa Mzungu. Si wengi waliotazamia kwamba taasisi ya namna hiyo ingeupita uhuru salama.

Ilivyopita ni jambo la kutazamwa mjini. Kanisa dogo la mabruda lilibomolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likajengwa kanisa kuu jipya lililosanifiwa na Dorothy Hughes, msanifu majengo aliyekuwa pia mwanasiasa. Hakuiga Roma. Hakuna kuba wala nguzo za Bernini. Kuna kuta ndefu zisizo na mapambo, ukumbi mrefu wenye nafasi ya maelfu, na vioo vya rangi vinavyoingiza mwanga. Kutoka mlangoni mtu anaiona City Hall, Bunge li jirani, na Mahakama ya Juu iko mwendo wa dakika chache. Wakoloni walipoondoka, kanisa lilijikuta limekaa katikati ya mamlaka mapya ya Kiafrika kama lilivyokuwa limekaa katikati ya yale ya zamani. Mwaka 1982 lilipewa hadhi ya basilika, jina linalolifunga na Roma moja kwa moja.

Uhusiano wa kibalozi ulifuata uhuru. Ofisi ya mjumbe wa Papa ilikuwa imehamia Nairobi, na mwaka 1965 Kenya na Kiti Kitakatifu vikabadilishana mabalozi, Guido Del Mestri akiwa wa kwanza kuwakilisha upande wa Papa. Ubalozi wenyewe uko nje kidogo ya Waiyaki Way, katika vitongoji hivyo hivyo vya magharibi ambako misheni ilianza. Umoja wa Mataifa ulipoleta Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira, UNEP, na baadaye lile la makazi, balozi wa Papa akapewa kazi ya kuwa mwangalizi katika makao hayo ya Gigiri pia. Dola lisilo na shamba wala mto likawa na kiti katika mazungumzo ya hali ya hewa na makazi ya dunia.

Pingamizi tatu

Mtu atasema kwamba ninaifanya historia ya mali ionekane historia ya roho: misheni ilifaulu kwa sababu ilipata ekari nyingi kwa bei ya chini na kuziuza kwa bei ya juu. Sikatai kwamba ardhi ilikuwa mtaji wa kwanza. Lakini kama ardhi ingetosha kueleza kila kitu, tungeona matokeo kama hayo kila mahali ilipogawiwa. Kilomita chache kusini-magharibi ya Lavington, kampuni ya kahawa iliyosimamiwa na Karen Blixen ilikuwa na maelfu ya ekari. Mwaka 1931 ilifilisika na shamba likauzwa ligawanywe viwanja. Kilichobaki ni jina la mtaa na nyumba moja iliyogeuzwa makumbusho. Ni upande huo huo wa jiji, Karen na Lang'ata, ambako Kanisa lilikuja kufungua taasisi yake ya elimu ya juu mwaka 1984, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, pamoja na Tangaza na nyumba nyingi za watawa. Tofauti kati ya mashamba hayo mawili ya kahawa iko katika kile ambacho fedha zilinunua.

Wengine watasema kwamba Vatikani haihusiki: misheni ni mali ya shirika, basilika ni ya jimbo, na balozi wa Papa hamiliki hata kiti kimoja cha St Mary's. Ni kweli kabisa, na ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Papa hamiliki, anateua. Mwaka 1971 aliyeshika Jimbo Kuu la Nairobi baada ya McCarthy alikuwa Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi wa Bungoma, aliyefanywa kardinali mwaka 1973, wa kwanza kutoka Kenya. Uteuzi wa mtu mmoja uliligeuza Kanisa la Wairishi kuwa Kanisa la Wakenya machoni pa wananchi, bila hati hata moja ya ardhi kubadilishwa jina.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali na kuyaacha makanisa kuwa wafadhili tu. Basi ushawishi huo wa shule uko wapi? Shule za binafsi, St Mary's na Loreto miongoni mwao, ziliendelea mikononi mwa wenyewe, na humo walisoma watoto wa wakubwa, akiwemo Uhuru Kenyatta. Ila ni lazima kukubali kwamba hapa ushawishi umeegemea tabaka. Elimu iliyoanza kwa nia ya kuwafikia wengi iliishia, katika upande huu wa jiji, kuwa bora zaidi kwa wenye kuimudu karo.

1980–2015: Papa anakuja mwenyewe

Mfungwa wa Vatikani alipopata uhuru wa kusafiri, aliutumia. Paulo wa Sita alifika Uganda mwaka 1969. Yohane Paulo wa Pili alikuja Nairobi Mei 1980, akarudi Agosti 1985 kufunga Kongamano la 43 la Ekaristi katika Uhuru Park, na akaja tena Septemba 1995 na waraka wake kuhusu Kanisa la Afrika. Kila safari ilimshusha katikati ya jiji, mbele ya umati.

Safari ya Papa Fransisko, Novemba 2015, ilikuwa ya namna nyingine. Aliadhimisha misa kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi mvua ikinyesha, akahutubia Gigiri siku chache kabla ya mkutano wa Paris kuhusu hali ya hewa, kisha tarehe 27 akaenda Kangemi, kwenye parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayohudumiwa na Wajesuiti. Kangemi haiko mbali na Lavington, lakini ni maisha ya mabati, vyumba vya kupanga na maji ya kununua kwa mtungi. Hapo alizungumzia ugawaji wa ardhi usio wa haki, akiwashutumu wastawishaji wasio na sura wanaotaka kutwaa hata viwanja vya kuchezea vya shule za watoto. Wakenya walielewa mara moja; Januari ya mwaka ule ule wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walikuwa wamerushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao.

Hapo ndipo hoja yangu inapofika mwisho wa nguvu zake. Papa asiye na ardhi aliweza kusema juu ya ardhi kwa uhuru ambao Papa wa mwaka 1869, mwenye mashamba na wapangaji, asingekuwa nao. Lakini Kanisa aliloliongoza linashikilia hati zilizotokana na sheria ya mwaka 1902, na mbari zilizolima matuta ya Lavington kabla ya njaa ya 1899 hazijaandikiwa historia yao kwa unono ule ule wa kahawa na shule. Kumbukumbu za mapadre zinaeleza miche, ubatizo na majengo kwa undani. Wanahistoria wa Kenya, na Jimbo Kuu lenyewe, wanadaiwa sura iliyobaki: majina ya wenye ardhi, mipaka ya mashamba yao, na walikokwenda. Wajukuu wa waliosimuliwa mambo hayo bado wako hai Kawangware, Dagoretti na Kabete, waulizwe sasa.